Shahada Niliyorudi Nayo Kutoka Fez

Mmeniuliza ilikuwaje, nami nimekuwa nikijibu kwa vipande: kipande sokoni, kipande msibani, kipande nikiwa juu ya bodaboda huku kofia ngumu imeniziba masikio. Matokeo yake kila mmoja wenu ana hadithi yake. Shemeji yangu anaamini nilikamatwa uwanja wa ndege kwa sababu ya pilipili manga. Jirani yangu anawaambia watu nilikuwa nasambaza mikate. Kwa hiyo nimekaa nikaandika mambo yote kwa mpangilio, tangu nilipotoka hadi niliporudi. Habari za viza na tiketi nimeziruka. Zilikuwa ndefu na hazina ladha.

Kwa wale watakaopewa karatasi hizi na wengine: naitwa Tatu, mtoto wa tatu wa mama yangu, mzaliwa wa Mkuyuni, na nafundisha Kiswahili katika sekondari moja pale Mlali. Mwalimu wetu wa Kiarabu alihamia Dodoma, vitabu vikabaki kabatini na wanafunzi wakabaki wanatazamana. Mimi nimesoma madrasa tangu sijaota meno ya pili. Kiarabu nakisoma bila kukwama na kukiandika naweza, lakini mtu akinisemesha nilikuwa nabaki kutabasamu tu. Mkuu wa shule, Mwalimu Mgaya, ni Mkristo wa Iringa asiyependa maneno mengi. Siku moja aliniita ofisini.

"Mwalimu Tatu, nimekuombea ruhusa ya miezi mitatu. Nenda kasome, lakini urudi na cheti. Nikipeleka jina la mwalimu asiye na cheti, somo litafutwa, na wale watoto wa kidato cha pili waliolichagua sitakuwa na la kuwaambia."

Nikamwambia nimeelewa. Ndivyo nilivyopata kwenda Fez, mji wa kale wa Moroko ambao watu wamekwenda kusoma kwa karne nyingi, wengi wao wakiwa na akili nyepesi kuliko yangu.

Mkuyuni hadi mjini

Nilikwenda kwanza nyumbani kumuaga mama. Alikuwa amenifungia vifurushi vitatu kwa kitambaa cha kanga kuukuu: pilipili manga, mdalasini na karafuu, vyote vya shambani kwetu.

"Mama, huko nako kuna viungo," nikamwambia.

"Vya kwetu hawana. Utaingiaje nyumbani kwa mtu mikono mitupu?"

Nilipata nafasi mbele ya lori la ndizi. Dereva aliniahidi tutafika Morogoro kabla jua halijawa kali. Kumbe ndizi zenyewe hazikuwa zimepakiwa. Tulisimama kila kichochoro, mikungu ikishushwa kutoka mlimani kwa vichwa vya watu, na kila mahali akina mama waliniuliza naenda wapi na begi kubwa namna ile.

"Naenda Moroko."

"Sote tunakwenda Moro, dada. Sogea kidogo na mwenzio akae."

Nilijaribu kueleza mara mbili. Mara ya tatu nikasogea. Mama mmoja aliyekaa karibu nami, mkungu mapajani, aliniomba nikifika Moro nimpelekee salamu mdogo wake anayeuza vitenge stendi. Nikampelekea. Ilikuwa kazi ya kwanza niliyoikamilisha vizuri katika safari nzima.

Treni, ndege, na "amina" ya Kairo

Treni ya umeme kutoka Morogoro hadi Dar ilikwenda haraka kuliko lori la kutoka Mkuyuni hadi mjini. Sikumaliza hata karanga zangu. Niliitazama milima ya Uluguru ikirudi nyuma, kisha ikawa kivuli, kisha hakuna. Hapo ndipo moyo uliponipiga kidogo. Nina miaka arobaini na mmoja na nilikuwa sijawahi kulala nchi nyingine.

Kairo tulitakiwa kukaa saa mbili. Ukungu ukatanda, ndege zikazuiwa, na saa mbili zikawa kumi na moja. Nilikaa karibu na bibi mmoja wa Kisudani aliyevaa thobe, shuka lao refu la kujitanda, la rangi ya machungwa. Jina lake Ihsan, naye alikuwa akienda Casablanca kumwona binti yake aliyejifungua. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuanza masomo. Nikapanga sentensi kichwani kwa dakika kama kumi, nikahakikisha irabu zake zote, kisha nikamgeukia nikasema kwa Kiarabu cha vitabuni kitu kama hiki: "Ewe bibi mtukufu, je, unayo maarifa ya wakati ambao ndege yetu itapaa kuelekea mbinguni?"

Bibi Ihsan alinisikiliza kwa heshima, macho ameyainamisha, viganja amevifungua mapajani. Nilipomaliza akajipangusa uso na kusema, "Amina."

Alidhani namwombea dua.

Nilirudia, safari hii nikionyesha ubao wa ndege kwa kidole. Alipofahamu alicheka mpaka thobe likamteremka kichwani, na mimi nikacheka naye. Akafungua kikapu chake, akatoa mayai ya kuchemsha, tende na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Tulikula tukiongea, yeye polepole, mimi kwa vipande. Kabla hatujaitwa aliniambia, "Binti yangu, maneno unayo mengi. Lakini unaongea kama unahutubia msikiti. Ongea kama unamwambia dada yako alete maji."

Niliiandika kauli hiyo ndani ya jalada la daftari.

Casablanca hadi Fez

Sasa habari ya polisi, ambayo haikuwa ya polisi. Afisa wa forodha alifungua vifurushi vya mama kimoja kimoja. Alipofika kwenye pilipili manga aliinamia kunusa, akapiga chafya tatu mfululizo. Akaniuliza kitu kwa Kifaransa. Nikamjibu kwa Kiarabu changu kwamba hicho ni zao la milima ya kwetu, na kwamba mama yangu amekituma kwa nia njema. Akawaita wenzake wawili waliokuwa meza ya pili, na mimi nikaanza kutafuta pasipoti yangu.

"Mwambie na hawa," akasema. "Sema vilevile."

Nikasema vilevile. Wale wenzake wakatabasamu kama watu wanaosikiliza kaswida. Mmoja aliniambia tangu amalize shule hajasikia mtu akiongea namna ile mdomoni mwake mwenyewe. Wakanifungia vifurushi vyangu kwa uangalifu wakanipisha. Hivyo ndivyo nilivyokamatwa, shemeji.

Treni ya kwenda Fez ilichukua saa kama nne, mashamba ya mizeituni pande zote. Familia iliyokaa mbele yangu ilimenya machungwa na kunipa kila la pili bila kuniuliza. Nilipoona kuta za mji wa kale, rangi ya udongo mkavu, nikafikiri tumefika. Tulikuwa tumefika kituoni tu. Ndani ya kuta hakuna gari linaloingia. Njia ni nyembamba, nyingine ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili, na mizigo yote, kuanzia mitungi ya gesi hadi ngozi mbichi, inapita juu ya punda, nyumbu au mikokoteni. Mtu anayekuja nyuma yako na mzigo anapaza sauti, "Balak!" Maana yake jihadhari, pisha. Siku ile ya kwanza nilidhani ni jina la mtu, nikashangaa jinsi Balak anavyotafutwa na mji mzima. Nyumbu mmoja akanisaidia kuelewa kwa kunibana ukutani.

Nyumba ya Lalla Zohra

Nilipangiwa kukaa kwa mjane mmoja wa miaka kama sabini. Lalla ni kama sisi tunavyosema Bi. Lalla Zohra alikuwa mfupi, mwenye sauti ya mtu mrefu, na aliishi peke yake katika nyumba ya ghorofa mbili yenye ua katikati na vigae vya kijani sakafuni. Alipokea vifurushi vya mama, akatafuna punje moja ya pilipili manga, akafumba macho. Kuanzia siku hiyo wageni wote waliokuja walilazimishwa kutafuna punje.

Jina langu lilimpa kazi. Nilipomweleza kwamba Tatu maana yake ni tatu, alianza kuniita Lalla Tlata, kwa kuwa ndivyo wanavyotamka namba hiyo kwao. Mtaa mzima ukafuata.

Tulielewana kwa taabu. Nilikuwa nimekwenda nikijivunia kwamba Kiswahili kina maneno mengi ya Kiarabu, kumbe hayo ndiyo yaliyonitesa. Chakula cha jioni cha kwanza nilitaka bilauri ya maji iliyokuwa upande wake, nikaionyesha na kusema "tafadhali" kwa Kiarabu. Kwao neno hilo ni la kukaribisha. Akanishukuru, akayanywa yote. Kisha akanipakulia nyama na njugu, nami kwa kumsifu nikasema, "Safi." Kwao safi maana yake basi, inatosha. Akaurudisha upawa kwenye chungu. Nilikula kidogo sana wiki ile ya kwanza, na sifa zangu zote ndizo zilizoninyima.

Shuleni nako mambo yalikuwa yaleyale kinyume chake. Ustadhi Idris, mwalimu wetu, alikuwa mtu mkavu, mwenye suti moja ya kahawia na masikio yasiyosamehe kosa. Alitufundisha Kiarabu fasaha, na nikileta neno la mtaani alilipokea kama mtu aliyeletewa soksi chafu. Basi asubuhi nilikosolewa na Ustadhi kwa kuongea kama Lalla Zohra, na jioni nilikosolewa na Lalla Zohra kwa kuongea kama Ustadhi. Kuna siku katika mwezi wa kwanza nilikaa juu ya paa, nguo zimeanikwa, nikalia kimya kimya. Nilijiona nimewadanganya watu wa Mlali kwamba naweza.

Lalla Zohra alipanda akanikuta. Alinipa kona ya shuka iliyoloa, tukaikamua pamoja, yeye upande huu na mimi upande ule, kisha shuka nyingine, mpaka beseni likaisha. Ndipo akasema, "Kesho utakanda wewe unga."

Njia ya kwenda tanuri

Huko nyumba nyingi hukanda unga wao wenyewe, kisha huupeleka kuokwa katika tanuri la mtaa. Kila nyumba ina alama yake kwenye mikate ili isichanganywe na ya jirani. Ya Lalla Zohra ilikuwa vitundu vinne vya uma, vimepangwa mraba.

Asubuhi aliponituma peke yangu, nilifanya kama ninavyofanya nikiwa Mkuyuni: nikauweka ubao wa mikate kichwani, nikashusha mikono, nikaenda zangu. Wanawake walitoka milangoni. Mzee mmoja aliyekuwa akinyolewa alimzuia kinyozi ili atazame vizuri. Nikafika tanurini salama, mwokaji akaipokea ile mikate, akaniambia nirudi baada ya nusu saa. Nilirudi, nikapewa mikate ya moto, nikashika njia.

Nikapotea.

Sijui nilikosea kona ya ngapi. Nilipita chemchemi niliyodhani ni yetu, halafu nyingine inayofanana nayo, halafu mtaa wa mafundi wa shaba uliojaa kelele za nyundo. Mvuke wa mikate ulikuwa umeshakwisha. Nikamsimamisha mchukuzi mmoja mwenye mkokoteni, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu, nikamuuliza kwa upole nyumba iko wapi.

"Nyumba gani?"

"Nyumba ninayokaa."

"Unakaa wapi?"

"Ndilo ninalouliza."

Akanitazama, akautazama ubao. Akafunua kitambaa, akaugeuza mkate mmoja juu chini kama mtu anayesoma bahasha. Kisha akaniashiria nimfuate. Alinipeleka hadi tanurini, akamwonyesha mwokaji vile vitundu vinne, na mwokaji, bila hata kuinua uso kutoka kwenye moto, akasema, "Zohra, mjane wa mshona viatu, kichochoro cha pili baada ya chemchemi, mlango wa buluu."

Mchukuzi yule, jina lake Larbi, alinisindikiza hadi mlangoni. Lalla Zohra alikuwa amesimama nje na kanzu yake ya nyumbani, amekasirika kwa sababu alikuwa na wasiwasi. Alimpa Larbi mkate mmoja. Mimi alinipa somo la njia: kuanzia siku ile alinituma tanurini kila asubuhi, kila mara akiniongezea mahali pa kupitia. Kwa muuza mnanaa. Kwa mshona mikanda. Kwa mganga wa meno. Na kila niliposimama ilinibidi niongee. Sikuwa na nafasi ya kupanga irabu, maana mkate unapoa. Baada ya mwezi wa pili nilianza kusikia watu wakiongea dirishani nikaelewa wanachogombania. Siku moja niliota kwa Kiarabu, ndoto yenyewe ya kijinga, natafuta chaki. Niliamka nikiwa na furaha kama niliyeokota kitu.

Asubuhi ya mtihani

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa kuongea. Watahini walitoka mji mwingine na wangekaa asubuhi moja tu, kisha waondoke. Ustadhi Idris alituonya wiki mbili mfululizo: atakayechelewa hana wa kumlaumu. Nilijiandaa. Nilikuwa na hotuba yangu juu ya elimu kwa watoto wa milimani, nimeihifadhi mpaka naisikia masikioni.

Siku yenyewe niliamka mapema, nikavaa gauni langu la kitenge nililoliweka kwa ajili ya siku hiyo. Nilikuwa nafunga kilemba niliposikia kishindo uani, kisha kimya. Niliteremka mbio. Lalla Zohra alikuwa ameanguka kwenye vigae alivyokuwa akivideki, mguu umekunjika upande usiotakiwa kukunjika. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Ndoo ilikuwa bado inaviringika.

"Nenda shule," akaniambia kwanza.

Nilimfunika kwa blanketi, nikatoka mlangoni. Jirani wa karibu hakuwepo. Saa hizo Larbi hukaa karibu na tanuri akingoja mizigo, nami njia ile nilikuwa naijua kwa miguu. Nilimkuta anakunywa supu ya maharage. Nilichomwambia hakikuwa na sarufi yoyote ambayo Ustadhi angeikubali. Aliacha supu palepale.

Tulimlaza Lalla Zohra mkokotenini juu ya magodoro mawili. Mwokaji alikuwa ameacha tanuri lake akaja kusaidia, na unga bado mikononi. Gari la wagonjwa, aliloliita kwa simu, lingesubiri nje ya lango la mji, na hapo katikati palikuwa na asubuhi nzima ya mji: nyumbu wa ngozi, wauza samaki, watalii wanaopiga picha milango. Larbi alisukuma, mwokaji akashika nyuma. Mtu wa kutangulia kufungua njia nikawa mimi.

Nikapaza sauti. "Balak! Balak!"

Ndugu zangu, nimefundisha madarasa ya watoto sabini bila kipaza sauti. Niliitumia sauti yote. Wanaume walijibana ukutani, punda wakavutwa pembeni, muuza mayai akaliinua tenga lake juu ya kichwa. Waliotujua waliuliza ni nani, nami niliwajibu huku natembea: ni Zohra, ameanguka, mguu, mpigieni mtoto wake wa Rabat. Kufika lango, mtoto wake alikuwa ameshajua. Na Lalla Zohra, pamoja na maumivu yote, alinyanyua kichwa akaniambia, "Unakwenda haraka mno kwenye kona."

Hospitali daktari kijana aliuliza maswali upesi upesi. Alianguka vipi, alizimia, anatumia dawa gani, alikula saa ngapi. Nilijibu yote, maana nilikuwa nakaa naye na nilijua hata idadi ya vijiko vya sukari anavyoweka kwenye chai akidhani sioni. Daktari akamuuliza yeye, "Huyu ni nani wako?"

"Ni Lalla Tlata," akajibu. "Anaongea kama imamu, lakini anayosema ni kweli."

Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika mahali pamoja. Walipomaliza kumfunga plasta nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba mchana. Watahini walikuwa wameshaondoka tangu saa sita.

Nilikwenda kwa Ustadhi Idris kesho yake. Nilimweleza kila kitu, naye alinisikiliza bila kunikosoa hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikapata tumaini. Kisha akavua miwani.

"Ulifanya lililokupasa," akasema. "Mtihani hukufanya. Mimi siwezi kuandika kwamba umefanya."

Nikamwambia najua. Alinipa fomu ya mtihani wa mwezi wa saba, unaoweza kufanywa kwa njia ya video, akaniambia atanipokea mwenyewe. Halafu akanipa karatasi nzito yenye mapambo ya dhahabu pembeni na muhuri mkubwa mwekundu. Ilikuwa nzuri kuliko cheti chochote nilichonacho. Juu yake palikuwa na maneno mawili: *Shahadat hudhur*. Hati ya mahudhurio. Kwamba nilikuwepo.

Kurudi

Mtoto wa Lalla Zohra alikuja na mke wake kumuuguza, kwa hiyo niliondoka moyo umetulia. Lalla Zohra aliniaga amekaa kitandani, mguu juu ya mto. Alinipa kanzu ya sufu aliyokuwa akiificha kabatini, na akanisisitiza nimwambie mama kwamba pilipili imebaki kidogo. Sikulia mpaka nilipofika kwa mwokaji.

Njia ya kurudi haikuwa na ukungu wala chafya. Ilikuwa na ile karatasi. Niliitoa Casablanca, nikaitoa Kairo, nikaitoa kwenye treni ya Morogoro. Nawaambieni kwa sababu mmetaka yote: niliwaza kunyamaza. Pale Mlali hakuna anayesoma Kiarabu cha maandishi ya mapambo. Ningeikabidhi tu. Muhuri ungesema wenyewe, na mwezi wa saba ningefanya mtihani na mambo yangekuwa sawa. Milima ilipoanza kuonekana nilikuwa bado sijaamua, na nilijichukia kidogo kwa hilo.

Mlali

Jumatatu walimu walikuwa wamenikusanyikia ofisini, kuna soda na maandazi. Mwalimu Mgaya aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa ameishika juu chini.

"Tusomee, Mwalimu," akasema.

Nikaigeuza, nikasoma lile neno la kwanza. "Shahada."

Ofisi nzima ikapiga makofi. Nani asiyejua shahada? Mwalimu wa hesabu alinishika mkono akiniuliza kama sasa nitahamia chuo kikuu. Mwalimu Mgaya alikuwa anatabasamu, na sijawahi kumwona akitabasamu saa mbili asubuhi. Nilingoja makofi yaishe.

"Kwa Kiarabu shahada ni hati tu," nikasema. "Na neno la pili ni hudhur. Hilo nalo tunalo. Kuhudhuria. Hii karatasi inasema nilihudhuria, Mkuu. Mtihani sikuufanya."

Maandazi yakasimama njiani kuelekea midomoni. Nikawaeleza habari ya Lalla Zohra, na mkokoteni, na saa ya hospitali, na mtihani wa mwezi wa saba. Sikujitetea sana.

Mwalimu Mgaya aliiweka karatasi mezani, akailaza vizuri kwa kiganja.

"Kwa hiyo hapa Mlali," akasema taratibu, "mtu pekee anayeweza kusoma kwamba hujafaulu ni wewe."

"Ndiyo, Mkuu."

"Na umesoma."

"Ndiyo."

Akavuta ratiba kutoka kwenye droo, akatafuta kalamu yenye wino. "Nitaandika kwamba unafundisha kwa muda mpaka mwezi wa saba. Afisa elimu akija, utamsomea mwenyewe." Akaandika jina langu kwenye kisanduku kilichokuwa wazi. "Kidato cha pili, kipindi cha tatu. Leo."

Nilikuwa sijajiandaa na sikuwa na maandalio ya somo. Niliingia, wanafunzi wakasimama wakanisalimu, nikawaambia wakae. Nikachukua chaki, nikaenda hadi mwisho wa ubao upande wa kulia, nikaanza kuandika tarehe kuelekea kushoto, na darasa zima likageuza vichwa kunifuata.